Sentimita Kumi na Kidogo

Jumatatu, 18 Novemba

Tuta la mtaani kwetu limechukua taa ya nyuma ya tela, upande wa kushoto. Ya kulia lilikwisha kuichukua, kwa hiyo sasa pande zote mbili ziko sawa. Tuta hilo halikujengwa na halmashauri. Lilijengwa na wakazi kwa michango yao, na mimi nilitoa mifuko miwili ya saruji. Mwenyekiti wa mtaa alinikumbusha hilo huku akinisaidia kuokota vipande vya taa, akaongeza kwamba, kusema kweli, tuta limesimama imara.

Viti vyangu vya kukodisha, mia moja na hamsini, vilifika Kihesa salama. Bibi harusi alichelewa sana, lakini hilo halihusiani na tela.

Jumanne, 19

Nimelala chini ya tela asubuhi nzima na rula mkononi. Mke wangu alipita mara kwa mara kuhakikisha kwamba nimelala kwa hiari.

Vipimo ni hivi. Katikati ya ekseli iko sentimita 28 kutoka ardhini, wala haiwezi kuwa vingine, maana hiyo ndiyo nusu ya kipenyo cha tairi. Tatizo ni springi. Hazikukaa juu ya ekseli, zimefungwa chini yake. Aliyeliunda tela hili alikuwa mtu wa matofali. Alitaka sanduku liwe chini ili apakie bila kuinua mikono, na kwa shabaha hiyo alifanya kazi safi. Ekseli imekalia springi, springi imekalia bamba, na chini ya bamba zimetokeza ncha za yubolti pamoja na nati zake. Ncha hizo ziko sentimita 17 kutoka ardhini. Hakuna jiwe katika barabara ya kwenda Kilolo ambalo halijakutana nazo. Uzi umesagika, nati zimekuwa duara, na spana ikiwekwa inazunguka bila kushika chochote.

Dawa inajulikana: springi zihamishwe zije juu ya ekseli. Hapo sanduku litapanda kwa unene wa ekseli, milimita 60, ukijumlisha unene wa springi, yaani vyuma bapa vinne vya milimita 7, ukijumlisha kikalio cha milimita 8 mara mbili, kwa kuwa leo kinaisukuma springi chini na kesho kitaisukuma juu. Jumla milimita 104. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini nimeirudia kwa sababu ya ncha za yubolti: zenyewe zitaondoka chini kabisa, na kitu cha chini kitakuwa mkunjo wa yubolti uliolizunguka bomba la ekseli, sentimita 24 kutoka ardhini. Kwa hiyo sanduku linapata sentimita kumi, mawe yanapata saba. Watu wengi hudhani ni namba moja.

Jioni nilimwonyesha mke wangu mchoro. Akauliza kama sentimita hizo zinatosha kwa tuta, au tuhame.

Jumatano, 20

Shemeji amekuja. Anaendesha Fuso, kwa hiyo katika mambo yote yenye magurudumu familia humsikiliza yeye kwanza, hata kama mwenye shahada ya fizikia amekaa kwenye kochi hilohilo.

Ushauri wake: tusichomelee chochote. Tufungue ekseli, tuigeuze chini juu, vikalio vya zamani vitakuwa vimeelekea juu, tufunge springi, tunywe soda. Saa mbili tu.

Nilichukua uzi wa kushonea, nikaufunga kutoka mwisho mmoja wa ekseli hadi mwingine, nikaukaza. Katikati palikuwa na nafasi ya milimita 6. Ekseli ya tela haikunyooka, nayo imefanywa hivyo makusudi: imepindwa kidogo, katikati imeinuka, ili ukipakia mzigo inyooke na magurudumu yasimame wima. Ukiigeuza chini juu, katikati inashuka, vichwa vya matairi vinaegemeana kwa ndani hata kabla ya kupakia, na ukipakia yanazidi. Matairi yataliwa ukingo wa ndani, upande ambao mtu haangalii mpaka siku waya zinapochungulia.

Shemeji alitazama uzi, akatazama ekseli, akasema uzi umelegea.

Kabla ya kuondoka alishauri pia rimu za inchi 14. Nilimweleza kwamba ukiongeza kipenyo, tela linapanda kwa nusu tu ya nyongeza, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu, inakutana na madigadi. Akasema madigadi yanakatika.

Alhamisi, 21

Gereji, Mlandege. Fundi nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Nilimpa alama 31 katika mtihani wa mwisho, jambo ambalo hajawahi kulitaja, ila kila ninapofika huwaambia wateja wote waliopo kwamba huyu ndiye mwalimu wangu wa fizikia, kisha hunyamaza kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nataka springi zije juu ya ekseli."

Aliingia chini ya tela, akatoka. Hakuuliza kwa nini. Alisema tutahitaji vikalio viwili vipya vya kuchomelea juu ya bomba, yubolti nne mpya na nati zake, na bushi za springi maana zilizopo zimeisha. Niliuliza kuhusu kuigeuza ekseli. Akapitisha kiganja juu ya bomba kutoka kushoto hadi kulia, taratibu, akasema, "Hii ina mgongo, mwalimu. Haigeuzwi."

Hakutumia uzi. Nimeamua kutomsimulia shemeji.

Bei tulikubaliana. Siku tulizokubaliana ni Jumatatu mpaka Jumanne. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba tulikubaliana.

Ijumaa, 22

Siku nzima kutafuta yubolti. Bomba letu ni la milimita 60, na yubolti lazima ilikumbatie kwa mkunjo wa duara, si wa pembe nne. Duka la kwanza lilikuwa na za Hilux. La pili lilikuwa na za Fuso, kubwa kiasi kwamba tungeweza kufungia nyumba. Muuzaji wa tatu alinishauri nifunge za Fuso nijazie na mpira wa tairi. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kufanya hivyo na gari likaondoka dukani.

Niliporudi gereji mikono mitupu, dogo anayemsaidia fundi alikuwa amekwisha kukata vipande vinne vya nondo ya milimita 12 na kuvikunja kwenye bomba la maji. Alikuwa amevipanga vizuri juu ya meza. Nilimweleza kwamba nondo ni ya kulala ndani ya zege, haikutengenezwa kwa kukazwa, kulegezwa na kutikiswa barabarani, na kwamba ukichonga uzi juu ya zile mbavu zake unabakiwa na chuma chembamba kuliko ulichodhani. Dogo alinisikiliza kwa adabu. Baadaye nikaona amezitundika ukutani, kwa mteja mwingine.

Yubolti nilizipata jioni, katika duka la vifaa vya trekta. Zilikuwa kwenye boksi lililoandikwa kwamba ni za bomba la maji taka. Nilizipima. Ni zenyewe.

Jumamosi, 23

Harusi mbili, tela liko juu ya magogo gereji. Nimekodi Kirikuu. Viti vilipelekwa kwa awamu, na dereva alitoza kila awamu, kisha akatoza muda wa kusubiri kati ya awamu, muda ambao alikuwa anasubiri kwa sababu ya awamu. Faida ya wiki imekwenda Ipogolo na kurudi.

Jumapili, 24

Mvua ya kwanza. Padri aliishukuru. Baada ya misa mwenyekiti wa mtaa alinifuata kunijulisha kwamba maji hayakuliharibu tuta hata kidogo.

Jumatatu, 25

Kazi imeanza saa nne, kwa sababu grenda ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye naye alikuwa ameiazimisha.

Yubolti za zamani hazikufunguka, zikakatwa. Ekseli ikatolewa, ikalazwa juu ya vigoda viwili. Fundi alikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, akaweka vikalio vipya juu ya bomba, akaviwekea pima maji kimoja baada ya kingine. Hapa niliridhika. Vikalio vikipishana hata kidogo, kimoja kikatazama mbele na kingine juu, ule mgongo wa ekseli hauelekei tena juu. Unaelekea mbele au nyuma, na magurudumu yanaanza kubishana kuhusu njia.

Kibanio cha ethi alikibana kwenye kikalio chenyewe, karibu kabisa na alipokuwa anachomelea. Nilimuuliza kwa nini asikibane kwenye gurudumu, ambako ni rahisi kufika.

"Umeme utapita ndani ya beringi, mwalimu. Unaacha vidonda. Hutaviona leo, utavisikia baadaye."

Jibu sahihi. Ningempa alama zote mbili.

Alichomelea mbele na nyuma ya kikalio, kufuata urefu wa bomba, na hakukatiza bomba kwa upana. Hilo nalo ni sahihi: mshono unaolikatiza bomba ndipo linapopasukia likichoka. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto umeme ulipokatika. Tulikaa. Mteja wa geti alikaa. Mteja wa kitanda cha chuma alikaa juu ya kitanda chake. Umeme uliporudi, fundi alimaliza upande wa kulia, akaenda kunywa chai, na dogo, kwa moyo wa kazi, akauendea mshono uliokuwa bado mwekundu na kuumwagia ndoo ya maji.

Mshono unatakiwa upoe wenyewe. Ukiupoza ghafla unakakamaa, na chuma kilichokakamaa hakipindi, kinakatika. Fundi alirudi na kikombe mkononi, akasimama, akautazama ule mvuke. Hakusema neno. Aliiweka chai chini, akachukua grenda, akaanza kuukwangua mshono wote aliokuwa ameuweka. Dogo alirudisha ndoo mahali pake.

Jumanne, 26

Dogo hakuja. Jana jioni alichomelea mabomba yenye zinki kwa mteja mwingine ndani ya kibanda, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, na usiku akapata homa na kutetemeka. Moshi wa zinki hufanya hivyo, na kwa kawaida kesho yake au keshokutwa mtu huamka mzima. Mafundi huamini dawa yake ni maziwa. Fundi alinunua pakiti akamtumia kwa bodaboda. Bodaboda alirudi kuuliza pesa ya usafiri. Nililipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Mshono mpya wa kulia umepoa wenyewe, taratibu, chini ya gunia.

Jumatano, 27

Springi zimekaa juu. Ekseli imefungwa, yubolti zimekazwa kwa kupishana, moja huku moja kule, ili bamba lisikae upande. Tela limeshushwa kwenye magogo. Limesimama juu. Wateja wengine walikuja kulitazama. Mmoja alisema sasa linafanana na gari.

Tulilivuta kwa pikapu yangu hadi mwisho wa barabara ya gereji na kurudi. Lilikuwa linatembea upande kama kaa. Pikapu inakwenda mbele, tela linakwenda mbele na kulia.

Nilitoa utepe. Kutoka kwenye kikombe cha mbele, kile kinachokalia hoki ya pikapu, hadi kwenye mwisho wa ekseli, upande wa kushoto na upande wa kulia, vipimo viwili hivyo ni lazima vilingane, maana hiyo ni pembetatu yenye pande mbili sawa, mada ya hisabati ya kidato cha kwanza. Havikulingana. Tofauti ilikuwa milimita 11. Ikabainika kwamba tundu la katikati la kikalio, ambamo kichwa cha bolti ya springi hukaa ili ekseli isisogee mbele wala nyuma, lilitobolewa na dogo kwa jicho, Ijumaa, kabla ya homa.

"Alipima?" niliuliza.

"Alipima," fundi alisema. "Kwa jicho."

Tundu lilijazwa, likatobolewa upya. Jioni vipimo vililingana isipokuwa milimita moja, na hiyo milimita fundi alisema ni ya utepe wangu.

Nimelirudisha tela nyumbani gizani. Mlinzi wa jirani alidhani ni lori.

Alhamisi, 28

Asubuhi nimegundua mambo mawili.

La kwanza ni mbuzi wa jirani. Zamani alikuwa anafika kwenye tela, anajikuna mgongo kwenye bamba la springi, anarudi kwao. Sasa anapita chini bila kuinama, anatokea upande wa pili, ambako kuna chainizi za mke wangu. Zilikuwepo.

La pili ni kwamba tela limeinamisha kichwa. Ekseli imenyanyua sanduku, lakini hoki ya pikapu haijasogea, kwa hiyo ukilifunga mbele linavutwa chini na nyuma linabaki juu. Kwa mita mbili na nusu kutoka ekseli hadi hoki, hiyo ni nyuzi mbili na kitu. Watu watasema nyuzi mbili si neno. Lakini mzigo uko juu ya ekseli, na ukiuinamisha, uzito wake unasogea mbele, na unaokwenda mbele unakwenda kukalia hoki. Hoki inatakiwa ibebe kama asilimia kumi ya uzito wote au zaidi kidogo. Ikibeba kidogo mno, tela linatikisa mkia ukikimbia. Ikibeba mno, nyuma ya gari inakaa chini na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi kwenye usukani.

Nilihitaji mizani. Stendi kuna kijana anayepima watu uzito na urefu kwa shilingi mia tano, mizani ya bafuni na mti uliochorwa sentimita. Nilimwomba aje nyumbani. Alikubali kwa shilingi elfu tatu, kwa sharti kwamba vipimo vifuate utaratibu wake, kwa sababu mashine yake ya karatasi haitoi jibu bila urefu wa mteja.

Tulipakia viti na maturubai, jumla kilo 800 pamoja na tela lenyewe. Tukaweka gogo juu ya mizani, tukakikalisha kikombe cha tela hapo kwa kimo kilekile cha hoki. Kilo 86. Kijana alipima urefu kutoka ardhini hadi kwenye kikombe: sentimita 42. Akaandika. Kikaratasi kilitoka kikisema kwamba uwiano wa uzito na urefu ni 488, kwamba mteja ana uzito uliopitiliza sana, apunguze vyakula vya wanga na mafuta, afanye mazoezi, na amwone daktari mapema.

Kisha tuliongeza matofali hadi tela likakaa sawa, sentimita 52. Kilo 78. Uwiano 288. Kijana alinipa mkono. Alisema ni wateja wachache wanaofuata ushauri haraka namna ile.

Kilo nane kwa nyuzi mbili. Nimeibandika ile karatasi ya kwanza kwenye daftari hili.

Ijumaa, 29

Hoki lazima ipande. Bamba la hoki la pikapu limeshuka sentimita tano kutoka kwenye bolti zake; ukiligeuza linapanda tano. Jumla kumi. Tulilifungua mimi na shemeji, likafunguka vizuri, isipokuwa tufe lenyewe, ambalo nati yake imeshikana na kutu tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Shemeji alilitoa kwa bomba refu. Lilitoka pamoja na uzi wake wote.

Dukani niliomba tufe la milimita 50. Muuzaji alinipa la inchi mbili. Nilimweleza kwamba inchi mbili ni milimita 50.8. Akasema ndiyo hiyohiyo, hamsini, hizo nukta ni za bei.

Kikombe cha tela ni cha 50. Kilikaa juu ya tufe la inchi mbili, kikagoma kufunga. Kilikaa vizuri kabisa, kwa macho hakuna ambaye angejua, ila ule ulimi wa chini hauingii mahali pake, na tela ambalo ulimi wake haujaingia linavutwa kwa matumaini tu. Shemeji alikwenda kwenye pikapu akarudi na nyundo. Nilikaa juu ya kikombe mpaka akairudisha.

Tufe la 50 lilipatikana duka la jirani na lilelile la trekta, kwa bei ya chini kuliko la kwanza. Muuzaji wa kwanza hakukubali kulipokea lile lake, kwa kuwa sasa lina alama ya kikombe. Liko nyumbani. Mke wangu analitumia kuzuia mlango.

Nilipita gereji kumweleza fundi habari ya kupinduka. Umbali wa gurudumu hadi gurudumu haujabadilika, nusu yake ni sentimita 70. Kitovu cha uzito, tela likiwa na mzigo, kilikuwa sentimita 95 kutoka ardhini, sasa ni 105. Sabini kwa tisini na tano ni 0.74, sabini kwa mia moja na tano ni 0.67. Namba hiyo ikishuka, kona ambayo zamani ilikuwa inakuvumilia sasa inakuangusha. Nilimchorea kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Alisikiliza hadi mwisho, na dogo, aliyekwisha kupona, naye alisikiliza.

"Mwalimu," fundi alisema, "kwenye ile kona ya kushukia Ipogolo, punguza gia."

Jumamosi, 30

Harusi Kalenga. Vijana wangu wa kupakia wamedai nyongeza ya shilingi elfu moja kila mmoja. Hoja yao: sakafu ya tela ilikuwa sentimita 55, sasa ni 65, na kila kiti sasa kinapanda kwa sentimita kumi ambazo hazimo kwenye makubaliano ya awali. Kazi ni nguvu mara umbali. Niliwafundisha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, katika kusubiri harusi nyingine. Nimelipa.

Tuta la mtaani tulilivuka bila kugusa. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo. Alitikisa kichwa, akasema labda waliongeze.

Lami ilikuwa safi. Njia ya kuingia kwa wazazi wa bwana harusi ilikuwa tope, mawe na tope tena, na tela lilipita juu ya yote hayo bila kelele. Nilisikiliza sana. Hakuna kilichokwaruza. Tulipofika nilishuka kwa utulivu, nikasema "Kamwene" kwa wazee, wakaitikia, nikazunguka nyuma kufungua turubai la kufunikia.

Viti vyangu ni vyeupe. Nane kati ya kila kumi vilikuwa na madoa ya udongo mwekundu, kuanzia safu ya chini hadi juu. Madigadi yamefungwa kwenye sanduku. Sanduku limepanda sentimita kumi, madigadi yamepanda nalo, matairi yamebaki chini, na katikati yao limepatikana dirisha ambalo tope lote la njia limeingilia.

Wanawake wa kamati ya mapokezi hawakulalamika. Walivua kanga, wakaleta ndoo, wakafuta viti kimoja baada ya kingine huku wakiimba, na mama mmoja mkubwa alinipa kitambaa na mimi. Mvua ilirudi kabla hatujamaliza, ikamaliza yenyewe. Ulanzi ulikuwa mwingi. Bwana harusi alikalia kiti kimoja ambacho hakikufutwa, na kwenye picha zote amepigwa kwa mbele.

Jumapili, 1 Desemba

Yubolti mpya hukazwa tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa katikati husagika na springi hukaa, na nati inayoonekana imekaza huwa imebaki na nafasi. Nimefanya hivyo baada ya misa, nikiwa bado na shati jeupe. Mke wangu alinitazama dirishani, akafunga pazia.

Nati zote zilisogea karibu robo mzunguko, kama inavyotarajiwa. Isipokuwa moja, ya ndani, upande wa kulia. Hiyo haikusogea kabisa. Nilisimama juu ya spana. Haikusogea.

Nimempigia fundi. Anasema hiyo ndiyo iliyokazwa vizuri tangu mwanzo. Mimi nasema uzi umeingia upande na nati imejifunga yenyewe mahali ilipo, bamba limebana au halijabana. Shemeji, aliyekuwa anasikiliza simu yangu kutoka kwenye kochi, anasema tuipige nyundo. Fundi anakuja kesho saa mbili na grenda, kama mwenye kuiazima atakuwa ameirudisha.

Madigadi yatashushwa kesho hiyohiyo. Dogo ndiye atakayepima. Nimempa utepe wangu.